Waimbaji wa Kamina: Tunajua Sauti, Hatujui Majina



Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike kitu kabla Exetat haijanimeza. Alitaka niandike juu ya nidhamu. Nilikataa, maana nidhamu naisema kila asubuhi kwenye mstari na masikio yenu yamechoka. Leo nataka kuwaeleza habari za kundi moja la waimbaji. Walikuwa watoto wa shule kama sisi, wa inchi yetu hii hii. Waliimba mpaka Ulaya ikasimama kusikiliza. Lakini ukiuliza majina yao hapa Bunia leo, sijui nani atakujibu.

Kwanza niseme sababu. Siku moja ya posho nilipanda moto kutoka soko. Simu ya mwenye moto ilikuwa inapiga wimbo. Nikatega sikio. Kumbe ni wimbo wetu! Ule tuliotunga internati, usiku umeme ulipokufa na hakuna aliyeweza kusoma. Nikamwuliza: "Yaya, hii wimbo umeitoa wapi?" Akajibu: "Banaiweka ku simu yangu pale soko. Njo wimbo ya kwaya ingine ile." Akataja jina la kwaya ambayo haijawahi hata kukanyaga kiwanja chetu. Nilikasirika sana, mpaka nikashuka bila kudai baki ya franka zangu.

Nilipofika chumbani nikatafuta karatasi ya programu ya sherehe ile tulipouimba mara ya kwanza. Karatasi hiyo niliiandika mimi. Ndani yake kuna jina la mgeni wa heshima, jina la aliyetukopesha vyombo, hata jina la mama aliyepika sambusa. Lakini kwa wimbo nimeandika maneno matatu tu: Kwaya ya shule. Basi, aliyeanza kupoteza majina alikuwa mimi, Doyen wenu. Na kijana aliyetunga sauti ya basi, ile inayoshika wimbo wote kama nguzo inavyoshika nyumba, alienda kwao likizo ya Pasaka. Vita vikahamisha jamaa yake, naye hakurudi tena. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaimba sauti yake kila juma na hawajui hata sura yake.

Ndiyo maana habari hii ya Kamina imenishika.

1. KUIMBA VYOMBO KWA MDOMO

Tuanze mbali kidogo, Marekani, kisha tutarudi kwetu.

Katika miaka ya 1950, kwenye miji mikubwa kama New York, Philadelphia na Chicago, vijana weusi wengi walipenda kuimba lakini hawakuwa na pesa za kununua gitaa wala piano. Walisimama kwenye pembe za barabara, kwenye ngazi za nyumba, na mahali popote ambapo kuta zinarudisha sauti vizuri. (Wavulana wa internati wanaojifanya wasanii bafuni wananielewa.) Mmoja aliimba maneno mbele. Wenzake watatu au wanne walikaa nyuma yake wakifanya kazi ya vyombo kwa mdomo. Mmoja alishika basi chini kabisa, mwingine alipanda juu sana kama sauti ya mwanamke, na wa katikati walitoa milio isiyo na maana yoyote: du, wop, sha, bum. Kutokana na milio hiyo muziki wao ukaitwa duwopu.

Wengi wao walijifunza kuimba makanisani. Lakini angalieni tofauti na sisi. Sisi tukiimba wimbo wa kitabu kwa sauti nne, soprano, alto, tenoro na basi wote wanasema neno moja wakati mmoja. Katika duwopu kila sauti ina kazi yake. Basi inaweza kupiga hatua kama gitaa kubwa wakati aliye mbele anangoja. Ukiondoa mtu mmoja, wimbo unachechemea. Kwa hiyo kila mmoja ni mtunzi kidogo, juu ya hakuna aliyewaandikia nota. Kila mtu alitafuta mlio wake mwenyewe, wenzake wakamwambia: hapo hapo, usitoke.

Kundi moja la vijana watano wa New York liliitwa The Teenagers. Mwaka 1956 wimbo wao "Why Do Fools Fall in Love" ulitoka kwenye sahani ya muziki. Aliyeimba mbele, Frankie Lymon, alikuwa na miaka 13 tu. Wimbo huo ulivuka bahari, na Uingereza ukashika nafasi ya kwanza. Lakini mahali pa jina la mtunzi, jina la mwenye kampuni liliingia pia, na wenzake wawili, Herman Santiago na Jimmy Merchant, wakabaki bila haki yao. Walisema wao pia ndio watunzi. Mwaka 1992, yaani miaka 36 baadaye, mahakama moja ya Marekani ikakubali kwamba wanasema kweli. Mwaka 1996 korti ya rufani ikawanyang'anya tena. Haikusema kwamba hawakutunga. Ilisema kwamba wamechelewa, kwa kuwa sheria ilitoa miaka 3 tu ya kudai. Frankie mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka 1968, akiwa na miaka 25.

Shikeni habari hiyo kichwani. Sasa turudi nyumbani.

2. KWETU KONGO, MIAKA ILE ILE

Kwetu pia vijana wa miji walikuwa wanatafuta njia ya kuimba pamoja. Élisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu 1966, una mtaa wenye jina Kenya. Vijana wa huko walifanya kundi liitwalo Jecoke, kifupi cha Jeunes Comiques de la Kenya. Waliimba, walicheza na walichekesha watu. Edouard Masengo, aliyejulikana baadaye mpaka Nairobi kwa gitaa lake, alipita katika kundi hilo.

Lakini kundi ninalotaka kuwaeleza lilizaliwa shuleni. Kamina ni mji wa reli katika Katanga ya zamani. Leo ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Ni inchi ya Waluba. Mwezi wa 9 mwaka 1953 alifika huko padri mmoja Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, Guido Haazen, kuwa mkubwa wa shule kuu ya Kamina. Mwaka uliofuata alikusanya wavulana kama 45 wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu kama 15 wa kupiga ngoma na kuimba. Kundi likaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, maana yake Waimbaji wa Mfalme Baudouin. Baudouin alikuwa mfalme wa Ubelgiji, na mwaka 1955 alikuja kutembelea Kongo.

Fikirini sasa. Hesabu ya watoto ni 45, walimu 15, na jina la kundi ni la mtu ambaye hakuimba hata mstari mmoja. Nyakati zile za ukoloni mambo yalikuwa hivyo, na jina kubwa lilifungua milango. Lakini lilifunika majina mengine.

3. NAMNA WALIVYOTENGENEZA MISA

Mwanzoni waliimba nyimbo za kwao: za ndoa, za kazi, za kutoka kwenye kilio, za kucheza. Nyimbo kama "Katumbo" na "Dibwe Diambula Kabanda" ziliingia baadaye katika sahani yao. Mwaka 1957 wakaanza kazi mpya: Missa Luba, yaani Misa ya Kiluba.

Kwa sisi Waprotestanti nieleze kidogo. Misa ya Wakatoliki ina sehemu zake za kuimbwa ambazo maneno yake hayabadiliki: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus pamoja na Benedictus, na Agnus Dei. Wakati ule maneno hayo, isipokuwa Kyrie ambayo ni Kigiriki, yalikuwa Kilatini karibu kila mahali duniani, maana mkutano mkubwa wa maaskofu Roma uliofungua mlango wa lugha za watu ulianza mwaka 1962. Kwa hiyo watoto wa Kamina hawakuruhusiwa kugusa maneno. Waligusa kila kitu kingine.

Walifanya hivi. Walichukua namna za kuimba walizozikuta kwa wazee, wakamimina maneno ya Misa ndani yake kama maji katika mtungi. Kyrie wakaitia katika kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba, kwa mtindo wa Ngandajika. Sanctus wakaijenga juu ya wimbo wa kuagana. Kwa Hosana wakaweka mwendo wa ngoma ya Kasai, na Agnus Dei ikapata sauti ya wimbo wa Bena Luluwa. Nani aliwaandikia nota? Hakuna. Mmoja anaita, wengine wanajibu. Anayeita akiongeza kitu, wanaojibu wanamfuata. Wakirudia kesho, haifanani sawasawa na jana. Aliyeimba mbele alikuwa mwalimu mmoja wa shule ile, Joachim Ngoi, na jina lake tunalo.

Hapo mnaona kwa nini nilianza na Marekani. Vijana wa New York hawakujua kama Kamina iko. Watoto wa Kamina hawakujua habari za pembe za barabara za New York. Lakini njia ya kazi ni ndugu: mmoja mbele, wengine wanajibu, basi na ngoma zinashika chini, na wimbo unatengenezwa na vinywa vyote pamoja.

Tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka 1958 Misa ile iliimbwa kwa mara ya kwanza katika misioni ya Mtakatifu Bavo, Kamina. Jaribuni kuona sura ya siku ile. Mama Mluba anaingia kanisani, amezoea nyimbo za wazungu zinazotembea polepole. Ghafula anasikia kasala, sauti ile ile aliyolilia nayo mfu wake, sasa inamwomba Bwana amhurumie. Mimi naamini hakuhitaji mtu wa kumfasiria maneno.

4. SAFARI YA ULAYA, 1958

Mwaka huo huo kundi likaenda Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Mwaka huo Brussels ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia yote, yaliyoitwa Expo 58, na watu zaidi ya milioni 40 walipita huko. Watoto wa Kamina wakaimba pale. Safari ile ile sauti zao zikashikwa, na kampuni ya Philips ikatoa sahani: upande mmoja Missa Luba, upande mwingine nyimbo za kwao.

Lakini nisifiche jambo. Kwenye Expo hiyo hiyo kulikuwa na kijiji cha Kikongo cha kuonyeshwa. Wakongo, mafundi wa kazi za mikono pamoja na jamaa zao, waliwekwa nyuma ya uzio, na wageni walipita kuwaangalia wakifanya kazi. Wageni wengine waliwatupia ndizi na karanga kama nyani. Wakongo wale wakachoka na dharau hiyo, wakaondoka kabla maonyesho hayajaisha.

Kwa hiyo mwaka mmoja, mji mmoja, watu wa inchi moja: hawa wanapigiwa makofi, wale wanatupiwa karanga. Nimelifikiri sana jambo hili usiku. Aliyepiga makofi na aliyetupa karanga huenda walikuwa mtu yule yule, asubuhi na jioni. Wote waliona "Wakongo". Kama hawakuuliza jina la yule nyuma ya uzio, je, waliuliza jina la mtoto aliyeimba? Mtu asiye na jina ni rahisi kumsifu na ni rahisi kumdharau.

5. SAHANI INATEMBEA PEKE YAKE

Miaka miwili baadaye, tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, Kongo ikapata uhuru. Kabla siku 15 hazijapita Katanga ikajitenga, na Kamina ikawa ndani ya matata hayo. Na watoto hawabaki watoto. Mvulana wa miaka 12 mwaka 1958 alikuwa kijana wa 17 mwaka 1963. Sauti ya soprano ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Lakini sahani haivunjiki sauti. Ilitembea peke yake. Mwaka 1964 Pasolini wa Italia alifanya filamu ya Injili ya Matayo, akaweka Gloria ya Kamina ndani yake. Mwaka 1968 Lindsay Anderson alifanya filamu nyingine Uingereza, jina lake If..... Inaonyesha shule ya internati ya wavulana ambayo wanafunzi wakubwa wenye cheo wanawapiga wenzao walio chini yao, na mwisho wanafunzi wachache wanaasi. Kijana mkaidi wa hadithi hiyo anapiga Sanctus ya Kamina chumbani mwake, tena na tena. Mimi kama Doyen sitasema mengi juu ya filamu hiyo, msije mkapata shauri. Mwaka 1969 ilipata zawadi kubwa ya Cannes, Ufaransa.

Kwa sababu ya filamu, watu wa Uingereza wakakimbilia kununua Sanctus. Mwaka huo huo wa 1969 ikaingia katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana, ikafika nafasi ya 28, ikakaa majuma 11. Pigeni hesabu. Waliimba mwaka 1958, orodha ni ya 1969. Mtoto wa miaka 12 alikuwa sasa mwanaume wa miaka 23, labda mwalimu, labda mfanyakazi wa reli, labda ana mtoto wake mwenyewe. Sauti yake ya utoto ilikuwa inauzwa London siku hizo.

Habari haikuisha hapo. Mwaka 1990 Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, ilitoa sahani yake ya Missa Luba. Watu walikuwa wameandika nota kwa kusikiliza sahani ya Kamina. Hapa pana fundisho kwa wanamuziki wetu. Watoto wa Kamina walikuwa wanabadilisha kila mara. Mashine ilishika siku moja tu. Kisha waandishi wa nota wakaiandika siku ile moja, na leo kwaya za Ulaya na Marekani zinaiimba kana kwamba ndiyo pekee. Ni kama picha ya pasiporti: ni wewe kweli, lakini ni dakika moja tu ya maisha yako.

6. NANI MTUNZI?

Hili ndilo swali gumu. Mahali pengi utakuta imeandikwa: Missa Luba, ya Guido Haazen. Je, ni kweli?

Tumpe padri haki yake. Ni yeye aliyekusanya watoto, aliyewaambia nyimbo za wazee wenu zinaweza kuingia kanisani, wakati wazungu wengi walisema hapana. Alichagua, alipanga, aliongoza, alitafuta safari. Bila yeye hakuna sahani. Mimi sitaki kumtukana mtu aliyefanya kazi nzuri.

Lakini kasala ni ya Waluba, hakuileta kutoka Ubelgiji. Wimbo wa kuagana ulikuwa na wenyewe. Na zile sauti zilizotafutwa siku kwa siku, huyu akiita, wale wakijibu, zilitoka katika vinywa vya watu 60. Kama misa haikuandikwa, basi kila aliyeiimba aliitunga kwa sehemu yake. Fundi mkubwa anaweza kupanga nyumba, lakini mtu aliyechoma matofali asiseme kwamba hakujenga?

Mtu mmoja wa darasa letu alinipinga. Alisema: "Doyen, majina 60 hayaenei kwenye sahani." Nikamjibu: bahasha ya sahani ya zamani ni kubwa kuliko karatasi hii ya gazeti. Jina la mfalme lilienea. Jina la kampuni lilienea.

Mwingine akauliza: juu ya nini gazeti la shule ya Kiprotestanti linaandika habari za padri na misa? Nilifikiri, kisha nikaona kwamba swali la Kamina ni letu pia. Wazee wetu wanatuambia kwamba hapa pia, siku za kwanza, ngoma ilibaki nje ya mlango wa kanisa, na watu waliimba nyimbo zilizogeuzwa kutoka lugha za mbali, sauti nne, bila kutikisa bega. Leo ngoma iko ndani na kila kwaya inatunga. Kila juma nyimbo mpya zinazaliwa Bunia. Basi sisi tunatunga kuliko watoto wa Kamina. Na majina? Tunayapoteza vilevile kama wao.

Tena fungueni Biblia. Katika 1 Mambo ya Nyakati 15, Daudi anapoleta sanduku la agano, waimbaji wanatajwa mmoja mmoja: Hemani, Asafu, Ethani na wenzao, hata Kenania aliyewafundisha kuimba. Aliyeshika matoazi anajulikana, aliyeshika kinubi anajulikana. Sasa someni Ezra 2:65. Waimbaji 200, wanaume na wanawake, wamehesabiwa bila jina hata moja, na mstari unaofuata unaanza hesabu ya farasi. Tuchague tunataka kuwa kwaya gani, ya Daudi au ile iliyohesabiwa karibu na farasi.

7. TUFANYE NINI

Sipendi makala inayolia kisha inanyamaza. Nina mashauri matatu, nami nimekwisha kuyapeleka kwa Bwana Prefe na kwa mwalimu wa kwaya.

Kwanza: daftari moja la kwaya, lenye jalada gumu, likae ofisini. Kila wimbo uliotungwa hapa upate ukurasa wake: tarehe, mahali, aliyeleta maneno, aliyeleta sauti ya juu, aliyetafuta alto, tenoro na basi, aliyepiga ngoma. Na anayeondoka shuleni jina lake lisifutwe.

Pili: mtu akishika wimbo wetu kwa simu, kwanza aseme kwa mdomo mbele ya simu jina la shule, tarehe na majina ya waimbaji, ndipo tuimbe. Jina la faili mtu anaweza kulibadilisha pale soko kwa dakika moja. Sauti iliyo ndani ya wimbo wenyewe ni vigumu zaidi kuikata. Inachukua dakika moja tu, na ni dakika ambayo hakuna aliyewapa watoto wa Kamina.

Tatu: programu za sherehe ziandikwe upya. Mama wa sambusa abaki, juu ya sambusa zake zinastahili. Lakini waimbaji waingie pia.

Na msingoje. Santiago na Merchant walingoja, sheria ikawaambia miaka 3 imepita. Sisi hapa hatuna hata miaka 3, maana mwanafunzi anahama, anamaliza, au vita vinamchukua mbali. Mwezi wa saba mimi mwenyewe sitakuwa hapa.

Ukurasa wa kwanza wa daftari nimekwisha kuujaza kwa mkono wangu. Ni wimbo wetu wa usiku ule wa giza. Nimeandika majina yote 9 niliyokumbuka, nikawauliza wenzangu, wakanisahihisha mawili. Kwa basi nimeandika jina la ndugu yetu aliyeondoka Pasaka, jina lake zima, na jina la darasa lake. Kama kuna mtu anayejua jamaa yake walihamia wapi, aje aniambie. Nataka nimtumie gazeti hili ajue kwamba bado tunaimba sauti yake.

 Na ile nidhamu, mtaisikia kesho asubuhi kwenye mstari.

Ni mimi ndugu yenu,
Doyen wa wanafunzi, mwaka wa mwisho